Tangi Lazima Lije Upande Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huandika. Mimi ni kinyozi na katibu wa kamati ya maji ya mtaa, na kwa habari nilizozipata asubuhi, sitabaki katibu kwa muda mrefu.

Dereva wa ofisi ya maji alikuja kunyolewa. Mtu mpole, kichwa cha duara, hakisumbui mashine. Nilipomfunga kitambaa tu shingoni, akaanza kumwaga siri za ofisi. Mtaa umekua kupita kiasi, alisema. Nyumba zimeota kila mahali, lakini bomba ni lile lile lililofukiwa wakati hapa palikuwa vichaka. Sasa ofisi inapanga maji ya miaka mingi ijayo. Maji endelevu! Litajengwa tangi kubwa lenye vituo vya bomba kulizunguka. Bado hawajaamua liwe upande gani wa mtaro unaoukata mtaa, wetu au ng'ambo. Afisa mwenyewe atapita Ijumaa kutazama hali ya maji kila upande.

Niliposikia hayo nikazima mashine. Nikamwambia tayari, amependeza. Akajishika shavu, akasema sharafa zimebaki upande mmoja. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa. Akiwa mlangoni aligeuka, akaanza kusema kuna jambo moja muhimu sana kuhusu huyo afisa. Nilikuwa nimeshafunga mlango. Mtu wa mipango hakai kusikiliza hadithi mpaka mwisho.

Kwa nini nalitaka tangi? Mke wangu ni dobi. Anafua shuka na sare za nusu ya mji, na maji anayafuata ng'ambo ya mtaro, maana bomba la upande wetu hutoa maji linapojisikia. Siku ya posa nilisimama mbele ya mama yake na wazee wote, nikasema maji yatamfuata binti yao mlangoni. Walipiga vigelegele. Mama mkwe, ambaye sasa anaishi nasi, hajasahau. Mke wangu akipita na ndoo kichwani, Mama mkwe haangalii ndoo. Ananiangalia mimi.

Na ng'ambo anaishi nani? Shemeji. Kaka wa mke wangu, fundi cherehani, katibu wa kamati ya maji ya huko. Mtu asiyepandisha sauti. Siwaamini watu wasiopandisha sauti. Ameshamwambia dada yake kwamba tangi likijengwa kwao, ahamishie kazi yote uani kwake, nafasi ipo, na mama naye aje. Mke wangu alijibu kwamba ni wazo zuri. Alisema hivyo huku anakunja shuka, wala hakuniangalia.

Kwa hiyo tangi likienda ng'ambo, na mke wangu anakwenda ng'ambo. Haitatokea. Si mbele yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa dharura kibandani kwangu. Walikuja fundi viatu, muuza mkaa wa mlango wa pili, yule mama wa saluni tunayemwita Mama Sauti, na Mzee Maua wa nyumba ya kona, mstaafu aliyepanda maua hadi ndani ya matairi mabovu.

Nikawaeleza mkakati. Neno moja tu: kiu. Afisa anakuja kutazama hali. Upande utakaoonekana na kiu kuliko mwenzake ndio utakaopewa tangi, hata mtoto anaelewa. Kwa hiyo mapipa yote yafichwe, madumu yote yafichwe. Hakuna kufua, hakuna kumwagilia, na kuoga kumesimamishwa hadi Ijumaa jioni.

Fundi viatu aliuliza kama huo si uongo. Nikamwambia kiu tunayo kweli, tunaitia chumvi tu. Mama Sauti alijitolea kuzimia mbele ya mgeni. Hakuna aliyemwomba. Mzee Maua akasema maua yake hayaingii katika siasa za mtu, akainuka kuondoka. Tukakubaliana yafunikwe magunia, yapumue kwa matundu.

Tatizo kubwa ni Mama mkwe. Anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga jua likizama, na kila mara ni beseni zima. Lakini mkwe anamwambiaje mama mkwe wake habari za kuoga? Haisemeki! Nilimwomba mke wangu aniwakilishe. Alikataa katakata, akasema mkakati ni wangu na kinywa ni changu. Nikaenda kukohoa nje ya bafu, labda atashtuka na kufupisha. Mama mkwe akaniuliza kutoka ndani kama nina kifua. Nikasema ndiyo mama, kidogo. Baadaye akaniletea dawa ya kifua, chungu isiyo na mfano, akasimama pale pale mpaka nikaimeza yote.

Jumatano, 5 Machi

Mapipa ya mtaa mzima yamo kibandani kwangu. Yamejaa, kwa sababu watu walikataa kabisa kumwaga maji yao. Nimeyapanga moja juu ya jingine kwa ustadi, pamoja na madumu. Kiti cha kunyolea kimebaki katikati, mteja anakifikia kwa ubavu. Mmoja aliuliza kama siku hizi nauza maji. Nikamwambia mtaa huu hauna maji, wewe huoni? Alikuwa ameegemea pipa. Alilitazama pipa, akanitazama, akaomba nimnyoe haraka.

Nyumbani ugomvi. Mke wangu alikuwa ameanika shuka kiwanjani nyuma ya nyumba. Shuka nyeupe pe, zinapepea, zinaonekana hadi barabarani! Nikamweleza kwamba nguo mbichi ni ushahidi. Akasema nguo mbichi ni kazi yake. Nikasema avumilie mpaka Ijumaa. Akasema nyumba ya wageni inataka shuka zake kesho, na wageni hawawezi kulalia mkakati. Kisha akaanua kila kitu, akachukua sabuni, akachukua pasi, akaenda kufulia kwa kaka yake. Kwa wiki hii tu, alisema.

Kwa wiki hii tu. Nayaandika maneno hayo ili baadaye asinigeuke. Ni hasara ndogo kwa faida ya kudumu, na hiyo ndiyo maana ya endelevu. Nimekula kiporo, peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda kupeleleza ng'ambo. Nilivaa kofia ya kuficha uso. Shemeji akanisalimia kutoka juu ya paa, akasema karibu shemeji, kofia imekukaa vizuri.

Sikuamini nilichokiona. Shemeji na watu wake wanapigilia mifereji ya kukinga mvua, kila paa na mfereji wake, na chini ya kila mfereji pipa lenye mfuniko. Wengine walikuwa wameinamia bomba lao, wanabadilisha mpira wa ndani ili lisivuje. Maji machafu ya mke wangu, yale yale ya kufulia, yanapita kwenye kimfereji hadi kwenye bustani ya migomba. Migomba imenawiri! Na afisa anakuja kesho!

Nilicheka njia nzima hadi mbavu zikauma. Mtu anaomba maji huku anamwonyesha mgeni kwamba maji anayo! Nilimwonea huruma kidogo, si mtu baki. Nikafikiria kumdokeza. Sikumdokeza.

Mtaa wetu sasa unanuka vizuri. Muuza mkaa amekuwa na sura ya mkaa wake. Fundi viatu anasema wateja wanamwachia viatu kwa mbali na kuondoka. Nimewapongeza wote. Mama mkwe peke yake ananukia sabuni, na upepo unaileta ile harufu mpaka barabarani.

Ijumaa, 7 Machi

Afisa amekuja. Mwanamke mrefu, mabuti ya mpira hadi magotini ingawa jua lilikuwa linawaka. Kwa siri nimempa jina la Bi Mabuti. Dereva alikuwa naye, na sharafa zake za upande mmoja. Hakuniitikia salamu.

Mama Sauti aliharakisha. Alizimia lilipopita gari la muuza mkaa. Gari la ofisi lilipofika akazimia upya, lakini alichagua kivuli, na akatandika kanga kwanza. Bi Mabuti akamzunguka kwa adabu.

Nilimtembeza mwenyewe. Akauliza mvua ikinyesha tunakinga wapi. Nikasema hatukingi hata tone, mama! Akauliza maji ya kufulia tunayapeleka wapi. Nikasema hatufui! Akaonyesha bomba letu linalochuruzika, akauliza nani hulitengeneza likiharibika. Nikasema hakuna, tumeliacha makusudi ili ayaone mateso yetu. Kila jibu aliliandika. Aliandika sana, na nilipoona kalamu inakimbia vile, roho yangu ikatulia kabisa. Hata nilianza kufikiria mahali pa kusimama siku ya uzinduzi.

Ndipo Mama mkwe akatoka bafuni. Uso unang'aa, mafuta yamekolea, maji yanamdondoka kwenye visigino. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, akamletea maji ya kunywa kwenye trei. Bi Mabuti akauliza maji mazuri hivi yametoka wapi, katika mtaa wenye kiu namna hii. Mama mkwe hajui kusema uongo, wala hajui kunihurumia. Akasema mbona yako tele, mkwe wake ameyakusanya yote kibandani. Akaelekeza kwa kidole, mgeni asipotee.

Nikasema ufunguo umepotea. Fundi viatu, katika kutaka kunisaidia, akausukuma mlango kwa bega. Pipa la mbele lilianguka. La nyuma yake likaona njia. Yaliyofuata yalisikika hadi ng'ambo. Mapipa yakabingirika barabarani, madumu yakayafuata, na maji ya mtaa mzima yakapita miguuni kwa Bi Mabuti, yakaenda zake mtaroni. Hakulowa. Alikuwa amevaa ipasavyo.

Aliandika tena. Safari hii neno moja tu, kisha akafunga daftari.

Jumapili, 9 Machi

Dereva alirudi kumalizia sharafa. Aligoma kusema neno mpaka amejiangalia kwenye kioo, kushoto na kulia. Halafu akanieleza lile jambo muhimu alilotaka kunieleza Jumatatu.

Ni hivi. Maji yaliyo ardhini hayaongezeki kwa sababu watu wameongezeka. Tangi litalishwa na kisima kirefu, na kisima kikifyonzwa ovyo kitakauka, halafu mtaa mzima urudi kwenye vichaka. Kwa hiyo Bi Mabuti hatafuti wenye kiu. Wenye kiu wapo kila mahali. Anatafuta watu wanaotunza maji kabla hawajapewa: wanaokinga mvua, wanaoziba bomba linalovuja, wanaotumia maji ya kufulia mara ya pili. Hao ndio wanaopata tangi.

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikajifunga kitambaa bila kujua. Shemeji juu ya paa! Shemeji na migomba yake! Alijuaje? Dereva akasema Shemeji alikwenda ofisini akamwuliza Bi Mabuti anachotafuta, na Bi Mabuti akamwambia. Akamwuliza! Sijawahi kuona ujanja wa namna hiyo.

Lakini bado hatujazikwa. Bi Mabuti ni mtu wa haki, atapita tena Jumatano kutazama pande zote kwa mara ya mwisho. Mke wangu bado anafulia kwa kaka yake, siku hizi anakuja kulala tu. Jana alinisimulia kwamba huko bomba liko hatua chache kutoka kwenye beseni, na shingo yake imepumzika. Alikuwa anaisugua shingo huku anatabasamu. Nilijisikia vibaya. Nilitaka kumwambia pole. Nikamwambia asubiri Jumatano.

Jumatatu, 10 Machi

Mifereji! Kila paa la upande wetu litakuwa na mfereji kabla ya Jumatano. Fundi bati yuko ng'ambo, hana nafasi, kwa hiyo nimekuwa fundi bati. Tumepasua mabomba ya plastiki, tumekunja mabati yenye kutu, na nilipopungukiwa nikalishusha bango la kibanda changu na kulikata vipande. Sasa mfereji wa Mzee Maua umeandikwa NYWELE NA NDEVU. Analalamika kwamba wapita njia wanagonga mlango wake wakitaka kunyolewa.

Fundi viatu alitaka kila nyumba iwe na mfereji wake na pipa lake, kama ng'ambo. Mawazo madogo. Kuiga hakushindi! Mimi nimeunganisha mifereji yote, paa kwa paa, kutoka juu ya mtaa hadi chini, ishukie kwenye pipa moja mbele ya kibanda changu. Pipa nimelipaka rangi ya buluu na nimeliandika ENDELEVU kwa herufi kubwa. Afisa ataliona kabla hajashuka garini. Mtaa mmoja, mfumo mmoja, katibu mmoja.

Muuza mkaa aliuliza maji ya mapaa yote hayo yakija kwenye pipa moja itakuwaje. Huyu naye! Nikamwambia mvua haiji wiki hii, mawingu nimeyakagua mwenyewe, na mifereji hii ni ya kutazamwa. Mama mkwe akatoka nje na kibao chake cha kukalia. Akaitazama mifereji mwanzo mpaka mwisho, akanitazama mimi, akauliza kama kile kifua kimepona kweli.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa kifupi. Karatasi zimelowa.

Bi Mabuti alikuja. Alitembea chini ya mfereji wetu nyumba baada ya nyumba, kichwa juu, na alipofika kwa Mzee Maua akasoma maandishi na kutabasamu. Nimeona kwa macho yangu! Alisema hakutegemea mtaa ubadilike haraka hivi. Nusura nilie. Nilimwona mke wangu amesimama upande wa pili wa mtaro, amekuja kuangalia, ana ndoo tupu mkononi, na usoni alikuwa kama mtu anayetaka kuniamini. Tukafika kwenye pipa. Nikaanza hotuba. Kabla sijamaliza kuwasalimu wageni, tone likaniangukia puani.

Mvua ilikuja yote kwa pamoja. Maji ya mapaa yote ya mtaa yakashuka kwa mtu mmoja. Pipa lilijaa, likayumba, likaelea, likaingia kibandani na maji nyuma yake. Maji yalinifika kiunoni. Mashine ya kunyolea imekufa. Kiti kimehamia kwa muuza mkaa, na mkaa wake umehamia kwangu. Bi Mabuti alipanda juu ya benchi akinishika bega. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba amefanya kazi hii tangu ujana wake na hajawahi kuona mtaa uliojizamisha kwa mifereji yake wenyewe. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Nilipotazama tena ng'ambo, mke wangu alikuwa ameondoka.

Aliyenufaika ni mmoja. Mama mkwe alitega beseni pale mfereji ulipokatika, likajaa mara moja, akalivuta ndani na kufunga mlango wa bafu.

Ijumaa, 14 Machi

Uamuzi umetoka. Tangi linajengwa ng'ambo.

Bi Mabuti alitangaza uani kwa Shemeji, mbele ya pande zote mbili. Watu wa ng'ambo walishangilia. Shemeji hakushangilia, aliangalia chini, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kisha Bi Mabuti akasema upande wetu haujatupwa. Tuzibe bomba linalovuja. Kila nyumba iweke mfereji wake na pipa lake lenye mfuniko. Basi. Atatukagua mvua zikiisha, na akikuta vitu vinafanya kazi, atavusha bomba la tangi juu ya mtaro hadi kwetu. Shemeji akasema kwa sauti yake ile kwamba fundi bati yuko tayari kuja Jumatatu, bure. Watu wa upande wetu wote wakanigeukia mimi. Nikayakagua mawingu.

Jioni mke wangu alihamisha vitu vya kazi. Ndoo, mabeseni, meza ya pasi, kamba za kuanikia. Mama mkwe alihama na beseni lake, hakumruhusu mtu mwingine alibebe. Ningependa mke wangu angegomba. Hakugomba. Alisema hanikimbii, ni shingo tu inauma. Alisema huko kazi inaanza alfajiri, kwa hiyo atalala huko huko. Nguzo mbili za kamba ameziacha zimesimama kiwanjani nyuma ya nyumba, amesema atazihitaji. Siku bomba likifika upande huu, kamba inarudi siku hiyo hiyo. Ni mfereji na mfuniko tu, mume wangu, alisema. Hata wewe unaweza.

Nyumba imekuwa kubwa. Kumbe kelele zote zilikuwa zao. Nimeumia, sitaficha, hii ni shajara yangu. Amesahau ndoo moja jikoni. Nimekwenda bombani, nikapanga foleni, nikaijaza na kuibeba kichwani hadi nyumbani. Ni nzito. Sikujua kwamba ni nzito hivi.

Kuanzia Jumatatu nitatulia. Mfereji na mfuniko.

Jumatatu, 17 Machi

Siku kubwa kuliko zote!

Asubuhi fundi bati alifika na ngazi yake kama alivyoahidiwa. Fundi viatu alishika mguu mmoja wa ngazi, mimi nikashika mwingine. Nilikuwa na nia safi kabisa. Ndipo akatokea dereva, nywele zimemjaa, akaomba nimpunguze upesi kabla hajaenda kazini. Nikamwachia fundi viatu ngazi. Nikaazima mashine ya Mama Sauti, nikamfunga dereva kitambaa, nikaanza upande wa kulia.

Akanidokeza kwamba mpango wa Bi Mabuti haujakamilika. Tangi ni nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili haina kiwanja mpaka leo, kila mtaa umekataa. Hata ng'ambo wamekataa, na Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukataa! Nikamwuliza ni kitu gani hicho. Akasema mabwawa.

Mabwawa! Manne! Makubwa, yamefuatana, yanajaa mwaka mzima, hata mvua isiponyesha! Akasema mabomba yatatoka kila nyumba, za kwetu na za ng'ambo, na yote yatakuwa yanatiririsha maji humo usiku na mchana, bila mgao. Maji ya jikoni, alisema, na ya bafuni, na ya kile chumba kingine. Alitaka kuendelea, lakini nilikuwa nimeshafika barabarani. Nilimsikia anaita. Nywele za upande wa kushoto nitamtoa kesho.

Fundi bati nilimshusha nikipita. Mifereji ya nini kwa watu wenye mabwawa? Fundi viatu aliniita mara mbili, akiwa bado ameshika ngazi.

Bi Mabuti alikuwa mezani kwake. Nikamwambia kiwanja kipo: ni kile kilicho nyuma ya nyumba yangu, kipana, tambarare, kina nguzo mbili tu. Akaweka kalamu chini. Akauliza kama majirani wamekubali. Nikasema mimi ndiye katibu. Akauliza upepo wa pale unaelekea wapi. Nikasema unaingia moja kwa moja vyumbani mwetu, mama, tutapata ubaridi. Akauliza kama ninajua vizuri kitakachokuwa kinaingia katika mabwawa hayo, akaanza kufungua michoro anieleze. Nikamwambia asijichoshe, mtu mwenye kazi nyingi kama yeye. Maji ni maji! Nikatia sahihi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia haraka. Alisema tangu aanze kazi hii, hajawahi kuona mtu anakuja mbio kuyaomba.

Kutoka hapo nikapitia ng'ambo. Mke wangu alikuwa anaanika. Nikamwambia aanze kukunja kamba. Nikamkumbusha siku ya posa, mbele ya mama yake na wazee wote. Nilisema maji yatamfuata mlangoni, sasa yanakuja, na si bomba moja la kupanga foleni, ni mabwawa manne! Na nguzo zake sijazing'oa, zitakuwa ukingoni kabisa. Mke wangu alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akashika kichwa. Furaha. Shemeji akaacha cherehani, akafungua mdomo aseme kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapandisha sauti. Nikamkatiza. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Imebaki zawadi ya Mama mkwe. Haisemeki kwa mdomo wa mkwe, ndiyo, lakini nimepata njia ya heshima. Nimemwomba mke wangu amfikishie ujumbe wangu: siku mabwawa yatakapofunguliwa, kabla ya afisa, kabla ya mtu yeyote, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuoga.